Kreni yenye akili na mzee niliyemwita mzembe

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wale mlioniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama mjini, jibu ni kwamba nipo, ni kazi tu. Leo nataka kusimulia kisa ambacho nimekiahirisha kwa muda mrefu kwa sababu hakinipambi hata kidogo. Kinahusu msimbo nilioandika mwenyewe, mashine za kubeba magogo huko Finland, na mzee mmoja ambaye nusura nimharibie kazi akiwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu.

Wacha niwarudishe nyuma. Nilipomaliza shahada ya sayansi ya tarakilishi hapa Nairobi nilipata nafasi ya kuendelea na masomo Joensuu, mashariki mwa Finland. Ni mji mdogo wenye chuo kikuu, ziwa linaloganda wakati wa baridi, na misitu kila upande unaotazama. Una pia kiwanda cha John Deere. Mimi, kama Wakenya wengi, nilijua John Deere ni lile trekta la kijani la mashamba ya ngano. Kumbe kiwanda kile hutengeneza mashine za msituni.

Misitu yenyewe si kitu kigeni kwangu. Nimekulia karibu na Elburgon, na mjomba wangu alikuwa mpakiaji wa magogo. Mkiona lori la magogo barabarani mnadhani lilijipakia? Wanaume kadhaa huegemeza nguzo mbili kwenye lori, huvingirisha gogo kwa kamba na mabega huku mmoja akiimbisha, na kamba ikiteleza mtu hupoteza mguu. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mjomba alirudi kwenye viazi. Marufuku ilitangazwa kuondolewa Julai 2023 lakini yeye hakurudi, anasema mgongo wake ulishafunga ofisi.

Finland kazi ile ile hufanywa na mashine mbili. Ya kwanza, havesta, hukata mti, huuvua matawi na kuukatakata kwa vipimo pale pale msituni. Ya pili, fowada, hufuata nyuma yake, huokota magogo kwa kreni, huyapanga mgongoni mwake na kuyapeleka kando ya barabara ambako lori litayachukua. Kila moja ina mtu mmoja tu ndani. Nilimtumia mjomba video kwenye simu. Akaniuliza, "Na hao wengine wako wapi?" Nikamwambia, "Hakuna wengine, Mjomba." Akanyamaza, kisha akataka kujua huyo mmoja hulipwa mishahara mingapi.

Sasa tuje kwenye kreni yenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo kwa watu wa aina yetu.

Kreni ya fowada imejengwa kama mkono wako. Kuna nguzo inayozunguka, kuna mkono mkubwa unaoinuka kutoka begani, kuna kiwiko kinachokunja mkono wa pili, na ndani ya mkono huo wa pili kuna kipande kinachochomoka kama antena ya redio ya zamani. Mwishoni yananing'inia makucha ya chuma yanayoweza kujizungusha, kufunguka na kufunga. Dereva ana vishikio viwili, kimoja kila mkono, pamoja na vitufe vya vidole. Katika mfumo wa kawaida kila mwelekeo wa kishikio unafungua vali ya silinda moja. Ukitaka makucha yaende mbele yakiwa usawa ule ule juu ya ardhi, usidhani kuna kitufe cha "mbele". Unainua bega, unakunjua kiwiko, unachomoa antena, vyote kwa pamoja na kila kimoja kwa kasi tofauti inayobadilika njia nzima. Fikiria watu wanne wamebeba kabati kwenye ngazi za ghorofa, na wewe ndiye unayepiga kelele "inua, shusha, vuta" kwa kila mmoja wao kwa wakati mmoja. Halafu rudia hivyo mamia ya mara kabla ya chakula cha mchana.

Watu huchukua miezi kulimudu jambo hili, na wengine hawalimudu kabisa. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya muda wa fowada huishia kwenye kreni, si kwenye kutembea, utaona kwa nini wenye kampuni wanaikodolea macho mikono ya madereva wao.

Ndipo wahandisi wakaja na wazo: dereva aiongoze ncha, viungo viachiwe kompyuta. Sukuma kishikio mbele, makucha yaende mbele. Vuta, yarudi. Kompyuta ndiyo ihesabu nani ainuke na nani akunjwe. Vihisi kwenye viungo huiambia mkono uko wapi, nayo hupunguza kasi silinda inapokaribia mwisho wake ili mashine isitikisike. John Deere walionyesha mfumo wao wa namna hii kwa fowada mwaka 2013, na watengenezaji wengine wa Finland na Sweden, kina Ponsse na Komatsu, nao wakaleta yao miaka iliyofuata.

Kihesabu tatizo lina mtego mzuri. Mahali pa kufika panahitaji namba tatu: umbali, upande na kimo. Kreni ina miondoko minne ya kufikia hapo: kuzunguka, bega, kiwiko na antena. Milinganyo mitatu, visivyojulikana vinne. Maana yake hakuna jibu moja, kuna majibu yasiyohesabika. Unaweza kulifikia gogo lile lile kiwiko kikiwa juu na antena imechomoka, au kiwiko kimelala na antena imerudi ndani. Kompyuta lazima ichague. Kwa kawaida huchagua kwa kuangalia kasi na mafuta ya haidroliki, kwa sababu pampu ina kiasi chake kwa dakika, na silinda zote zikidai kwa pamoja hayatoshi. Björn Löfgren aliandika tasnifu nzima juu ya kreni za namna hii katika chuo cha KTH, Stockholm, mwaka 2009. Shikilia hili la kuchagua, tutalirudia.

Chuoni mwenzangu mmoja alinipeleka kwenye kituo cha mafunzo chenye kiigizaji, yaani kiti, vishikio na skrini tatu. Nikapewa kwanza mfumo wa kawaida. Jamani! Nilipiga kibanda changu mwenyewe kwa gogo, nikapiga miti isiyohusika, nikaliangusha gogo ndani ya mtaro. Kisha wakawasha udhibiti wa ncha. Baada ya muda mfupi nilikuwa napakia kama mtu aliyezaliwa nayo, polepole lakini bila aibu. Nilitoka pale nimeamini. Niliona ushahidi kwa mikono yangu, na sikujiuliza kwamba mikono hiyo ilikuwa ya mtu asiyejua kazi.

Muda si mrefu nikapata kibarua cha kiangazi. Mwenye kampuni ndogo ya kuvuna miti, mbali kidogo na mji, alikuwa na fowada kadhaa. Baadhi zilikuwa za zamani, nyingine mpya zenye udhibiti wa ncha, na alikuwa karibu kuagiza nyingine mpya. Nyongeza ya mfumo ule si bure. Akataka kujua kitu kimoja tu: zinazalisha zaidi au hazizalishi? Nami ningemwambia kutokana na data.

Kuhusu data, Waskandinavia na Wafini wanastahili sifa. Tangu miaka ya 1980 wana mwafaka wa jinsi mashine za msituni zinavyorekodi na kubadilishana habari, unaitwa StanForD, na toleo la sasa, StanForD 2010, ni XML. Uliza mtu yeyote aliyewahi kuunganisha mifumo miwili ya ofisi mbili hapa kwetu kama ataamini kwamba watengenezaji wanaoshindana walikubaliana kuhusu majina ya safu. Kuna faili ya uzalishaji wa fowada, kila mzigo na aina ya magogo yake. Kuna faili ya muda, nani aliingia kwenye mashine kwa utambulisho upi, alifanya kazi saa ngapi, alisimama lini. Nilikaa siku mbili nikiandika Python ya kuzisoma, siku ya tatu nikamimina kila kitu kwenye hifadhidata, siku ya nne nikawa na jedwali.

Jedwali lilikuwa safi. Meta za ujazo kwa saa, mashine mpya dhidi ya za zamani, mpya zikiongoza. Nikafurahi. Kisha, kwa kuwa safu ya utambulisho wa dereva ilikuwepo na mimi ni mtu asiyejua kuacha safu itulie, nikapanga kwa dereva. Madereva vijana kwenye mashine mpya walikuwa juu. Chini kabisa, kwenye mashine mpya kabisa, yenye kila kitu, kulikuwa na dereva mmoja. Nikampaka rangi nyekundu. Nikaandika sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno hadi leo: kwamba dereva huyu hanufaiki na mfumo, na huenda mashine hiyo ingeleta faida zaidi mikononi mwa mwingine.

Nikatuma. Nikaenda kula.

Baada ya wiki moja mwenye kampuni alinipigia kuniambia ripoti ni nzuri sana, na kwamba ameshazungumza na yule dereva kuhusu kumhamishia mashine ya zamani, au pengine kazi ya akiba, ya kushika zamu wengine wakiugua. Alilisema kwa sauti ya kawaida kama anayeagiza vipuri. Halafu akaongeza, kama kumbukumbu tu, kwamba inashangaza, maana yule bwana ana zaidi ya miaka 30 msituni na ndiye aliyewafundisha wale vijana.

Hapo ndipo tumbo lilinigeuka. Wanaprogramu mnaijua hali hiyo. Ni ile ya kuona namba inayokataa kukaa pamoja na jambo unalolijua, na tayari umeshabonyeza "tuma". Nikaomba niende kukaa naye siku nzima. Mwenye kampuni akasema haina haja lakini hakuna ubaya.

Nilimkuta saa kumi na mbili asubuhi kando ya barabara ya msituni, anakunywa kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Finland watu huitana kwa jina la kwanza, hata mwanafunzi na profesa, na mimi sikuzoea kamwe. Mtu wa umri wa baba yangu nitamwitaje kwa jina kama tuliyechunga naye ng'ombe? Nikakwepa jina kabisa, nikasalimu tu. Akaniangalia, akasema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba mimi ndiye yule wa karatasi. Nikasema ndiyo. Akanimiminia kahawa. Kusema kweli ningependelea anitukane.

Kwenye kibanda kuna kiti kimoja, nami nikajibana kwenye kijikalio cha mwanagenzi nyuma yake. Tukaingia msituni.

Dakika chache tu zilitosha kuniaibisha. Ule msitu ulikuwa wa kupunguzwa kwa mara ya kwanza, yaani miti bado ni michanga, wanaondoa baadhi ili iliyobaki inenepe. Magogo ni membamba kama nguzo za ua, yametawanyika, na kila upande kuna miti iliyosimama ambayo haitakiwi kuguswa. Gome likichubuka, ugonjwa huingia na mwenye msitu hulalamika, na ana haki. Wale vijana wenye namba nzuri walikuwa kwenye misitu ya kukata yote, magogo manene ya mbao yamelala marundo marundo, uwanja mweupe. Kucha moja la kule lilikuwa sawa na kucha kadhaa la huku. Nikamwuliza kwa nini yeye yuko huku. Akainua mabega. Mwenye kampuni humpeleka kwenye misitu midogo midogo na ardhi tepetepe kwa sababu yeye hachubui miti.

Kwa hiyo alipewa kazi ngumu kwa sababu ni hodari, na mimi nikapima ugumu wa kazi nikauita uzembe. Katika takwimu jambo hili lina jina, ni fumbo la Simpson, kutokana na Edward Simpson aliyeliandikia makala mwaka 1951: ukijumlisha makundi yasiyofanana, mwelekeo unaweza kupinduka kabisa. Nilifundishwa. Nilifanyia mtihani. Nadhani hata nilipata A.

Halafu nikaanza kutazama mikono yake. Alikuwa anapakia, kisha kidole gumba kinagusa kitufe, kreni inabadilika tabia, anaokota magogo mawili matatu, kidole tena. Nikamwuliza kitufe kile ni cha nini. Alikuwa anauzima mfumo! Katika faili nilizopewa hakukuwa na chochote cha kuonyesha umewashwa au umezimwa, na mimi nilidhani mashine ikiwa nao basi unatumika muda wote. Kwa nini anauzima? Hakuwa na Kiingereza cha kunieleza, na Kifini changu kilikuwa cha dukani, cha kuulizia maziwa. Akasimamisha kreni, akauwasha mfumo, akasogeza makucha polepole kuelekea gogo lililokuwa kati ya misonobari miwili. Makucha yalikwenda sawa kabisa. Kisha akaninyooshea kidole juu. Kiwiko cha kreni, huko juu ambako mimi sikuwa natazama, kilikuwa kimesogea hadi karibu kugusa shina la mti wa tatu.

Akarudisha. Akauzima mfumo, akaifikia ile ile sehemu kwa mkono, kiwiko kikiwa kimelala chini, antena imechomoka kidogo, na shina halikuguswa.

Majibu yasiyohesabika, kumbuka. Kompyuta inachagua moja kwa kufuata mafuta na kasi. Haioni miti. Mzee anaona miti, na kila mara alipobonyeza kile kitufe alikuwa anairudisha mikononi mwake ile namba ya nne, ile ya ziada. Nilikuwa nimeisoma hesabu hii darasani, nikaichora ubaoni, na sikuwahi kufikiri kwamba yale majibu mengine ambayo algoriti inayatupa yana kazi.

Pale palipokuwa wazi, kama kwenye kushusha mzigo kando ya barabara, aliuacha umewashwa. Na jioni aliuacha umewashwa zaidi, kwa sababu ya bega. Alijishika bega la kulia akakunja uso ili nielewe. Madereva wa mashine hizi huumwa shingo na mabega, ni jambo lililoanza kuandikwa na watafiti wa Sweden miongo mingi iliyopita, maana siku nzima ni miondoko midogo ile ile ya vidole na viganja. Nilipouliza kama mfumo ni mzuri alisema ndiyo, mzuri, hasa baada ya saa nane. Hakuwa mpinga teknolojia hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuja na hadithi ya mzee na mashine mpya kichwani.

Lakini la simu ndilo lililonimaliza.

Kabla ya saa nne simu yake ilikuwa imelia mara tatu. Kila mara alisimamisha kreni, akazungumza dakika tano, kumi, akaendelea. Sikuelewa maneno, ila nilisikia jina la kifaa cha haidroliki. Wakati wa chakula nikamwuliza ni nani. Ni wale vijana. Mmoja bomba lake linavuja, mwingine hajui apange wapi magogo ya karatasi kwa kuwa kituo kimejaa, mwingine ameingiza tairi kwenye tope na anataka ushauri kabla ya kujaribu kutoka. Humpigia yeye kwa kuwa mwenye kampuni hapokei simu na fundi yuko mbali.

Sasa angalia. Wafini wana namna mbili za kuhesabu saa ya kazi. Ya kwanza, E0, ni saa isiyo na vituo vyovyote. Ya pili, E15, inajumlisha vituo vifupi visivyozidi dakika 15. Mimi nilitumia E15, kwa kuwa ndiyo inayozoeleka katika malipo. Kila simu ile ilikuwa chini ya dakika 15. Kwa hiyo kila simu iliandikwa kama muda wake wa kazi ambamo hakupakia gogo hata moja, na kule upande wa pili, bomba la kijana lilikazwa haraka, tairi likatoka topeni, kijana akaendelea kupakia. Dakika za mzee zilikuwa zinageuka meta za ujazo za watu wengine, na jedwali langu likawapongeza wao.

Jioni ile niliirudia ripoti. Niliwalinganisha madereva kwenye aina moja ya msitu tu, na pale ilipowezekana nikamlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe kabla ya mashine mpya na baada yake. Nikazingatia unene wa magogo, idadi ya aina katika mzigo na umbali wa kubeba. Nikatumia E0 na E15 kando kwa kando. Picha iliyotoka ilikuwa ya wastani na ya kuchosha, kama picha nyingi za kweli. Mfumo ulisaidia, lakini kidogo kuliko nilivyotangaza. Ulisaidia sana waliokuwa wapya kwenye kazi na kidogo sana wale wenye uzoefu. Mzee hakuwa wa mwisho tena. Kwenye misitu ya kupunguzwa hakuwa na wa kumlinganisha naye kwa haki, kwa sababu karibu yote ilikuwa yake.

Baadaye nilipata makala za jarida la Silva Fennica ambazo ningepaswa kuzisoma kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo. Ya mwaka 2017 iliwapima madereva wanaoanza peke yao, maana watafiti walijua kwamba anayeanza na mkongwe si swali moja. Ya mwaka 2019 ilitumia data zinazorekodiwa na mashine zenyewe, kama zangu, lakini kwa uangalifu wote wa kutenganisha athari ya kreni na athari za mambo mengine. Na watafiti wa Sweden wamesonga mbele zaidi, mwaka 2024 walichapisha majaribio ya fowada isiyo na mtu kabisa, inayotafuta magogo kwa kamera na kuyaokota yenyewe. Niliisoma nikitazama walichokifanya kuhusu kiwiko. Nimekuwa mtu wa viwiko.

Nilimpelekea mwenye kampuni ripoti ya pili pamoja na barua ya kukiri kwamba ya kwanza ilikosea, na ilikosea wapi. Nilitarajia hasira. Aliisoma, akasema "jaha", neno la Wafini linalobeba kila kitu na lisilobeba chochote, kisha akaniuliza kwa nini sikwenda msituni tangu mwanzo. Nikasema hakuna aliyeniambia niende. Akasema hakuna aliyekukataza. Mzee alibaki kwenye mashine yake. Nadhani alipata taarifa kwa ujumbe wa simu.

Alistaafu mwaka uliofuata. Umri ulikuwa umefika na bega lilikuwa lile lile. Watu wa pale waliniambia alikuwa amepanga hivyo siku nyingi. Lakini miongoni mwao yumo mmoja aliyesema kwamba alikuwa akizungumzia kufanya misimu miwili zaidi, hadi majira yale ya karatasi. Sijawahi kumwuliza mwenyewe. Namba yake ninayo.

Nilipokuja likizo nilimsimulia mjomba kisa chote jikoni kwake, na hesabu za kiwiko nikazichora kwa mkaa sakafuni. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hizo simu," akasema, "huyo mzee mwenzangu alikuwa akilipwa?"

Nikamwambia, "La, Mjomba."

Akaongeza kuni.